Siku tuliyosubiri jiwe la angani Kisiba, mzee wangu akagoma kuingia ndani

Wakuu, salaam. Hapa sitii chumvi. Waliokuwepo Kisiba enzi hizo wamo humu, nikidanganya watanisuta.

Juzi nimeona mnabishana kuhusu asteroid, eti inaweza kuigonga dunia au haiwezi. Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanilenga. Nimemkumbuka mzee wangu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ndiyo kwanza zimefunguliwa. Mitumba imejaa Tukuyu mjini, na mzee ana redio mpya anatembea nayo mpaka shambani.

Siku moja redio ikasema kuna jiwe kubwa la angani litapita karibu na dunia. Litapita tu, halitagusa.

Nani akubali? Kimondo cha Mbozi tulishakiona kwa macho yetu. Halafu sisi tunaishi pembeni ya Ziwa Kisiba, shimo la duara kabisa. Watu wakajumlisha wenyewe: shimo lilichimbwa na jiwe, na sasa jiwe linarudi palepale. Mwalimu wa shule alisema ni volkano, akaonekana hajielewi.

Siku yenyewe, mchana kweupe, mama akatukusanya wote ndani. Nje mvua yetu ile ya Rungwe inamwagika.

Mzee hakuingia.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani, hawaongei, hawakai chumba kimoja. Na mke wangu Tumpe, ndoa bado mbichi, mimba kubwa, alikuwa mle ndani.

Basi mzee kasimama migombani, kajifunika jani kichwani, anangoja dunia iishe akiwa peke yake.

Nikamfuata. "Baba, ingia bwana!"

"Mkwe wangu yumo. Nife nimemvunjia heshima?"

Niliumia, wakuu. Mzee mzima anatetemeka!

Kumbe Tumpe alitusikia. Akajitanda kanga, akatokea mlango wa jikoni, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, analowa. Nikamkimbilia, akaniambia, "Mwambie baba aingie, mimi nitakaa huku."

Nikampelekea mzee ujumbe. Weee! Akalitupa lile jani.

"Mjamzito kwenye mvua?"

Mama naye anafoka mlangoni: "Nyie vipi? Nyumba mmewaachia kuku?"

Mzee akazunguka nyumba mpaka alipo Tumpe. Tumpe akageukia ukuta, kajifunika uso. Mzee akamwambia, "Mwanangu, twende ndani."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

Tukaota moto jikoni sote, tukala ndizi za kuchoma. Tumpe kainama muda wote, mzee anaangalia paa. Hakikudondoka kitu zaidi ya mvua.

Miaka ikaenda. Mzee alipougua ule ugonjwa wa mwisho, aliyemlisha uji ni Tumpe. Alikuwa anamtania, "Baba, lile jiwe limefika wapi?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Liko njiani, mwanangu. Lete uji kwanza."

Siku hizi nasikia wataalamu wanayafuatilia hayo mawe usiku na mchana. Vizuri sana, wafuatilie. Mimi naogopa zaidi watu wa nyumba moja kungojana mvuani mpaka siku ziishe.

Wana Rungwe, nyie siku ile mlijificha wapi? Tiririkeni, nawasoma.