Magari Niliyoyaandika Bomani

Kila nikisikia wazee wenzangu wanayasifu maonyesho ya magari ya Dodoma, napandwa na hasira. Husema yalifana, na ni kweli yalifana. Mimi ndiye niliyeyaandaa. Lakini hakuna anayesimulia yaliyofuata.

Mjerumani alikuwa bado anatawala, na reli ilikuwa imeshafika kwetu. Nilikuwa karani wa boma, kijana niliyesoma shule kubwa ya serikali huko pwani, mwenye mwandiko mzuri kuliko akili. Siku moja bwana mkubwa wa boma aliniambia anataka kila chombo chenye magurudumu kiletwe uwanja wa stesheni, watu watazame na wenye vyombo washindane. Nilifurahi mno. Nilipenda magurudumu kuliko chakula. Baisikeli ya fundi wa reli nilikuwa naifuta vumbi bila kuombwa, ili tu nipate kuzungusha pedali.

Nilipeleka wapiga mbiu mpaka Hombolo na Mkonze. Nikasimamia ufyekaji wa miiba na kujaza mapipa ya maji ya ng'ombe. Wengi walikubali upesi. Aliyesita ni mmoja, mfanyabiashara wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye gari la ng'ombe zuri kuliko yote. Alilijenga kwa mikono yake, akalipaka rangi ya kijani, na kwa gari hilo alileta nta na karanga stesheni kwa njia ya Makutupora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari nitalileta, karani. Ila usiniandike."

"Kwa nini?"

"Umesoma halafu unaniuliza mimi? Niliwahi kuandikwa. Nikabebeshwa mizigo ya askari, niliporudi mama yangu ameshazikwa."

Nilimwelewa vizuri. Bara, kuandikwa na serikali kulikuwa na maana moja tu: utaitwa kazini, upende usipende. Hata hivyo nikacheka.

"Hii ni orodha ya zawadi tu, mzee. Mchezo."

"Nani amekwambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilibuni palepale.

"Wallahi," nikamwapia, mimi Mkristo, kwa sababu nilijua kiapo hicho kitamtuliza.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Motakaa ya mlowezi mmoja ilishushwa kwenye treni, ikanguruma, ikaenda hatua chache, ikazimika. Wanawake wa Kigogo wakaanza.

"Mchapeni fimbo, analala!"

"Hana hata mkia, utamvuta wapi?"

"Mpeni majani basi, amefunga tangu pwani!"

Ikabidi ng'ombe wa yule Mrangi waikokote motakaa mpaka kivulini. Watu walipiga vigelegele, na gari la kijani likapata zawadi ya kwanza, blanketi jekundu. Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaandika kwenye orodha: gari imara, ekseli mpya, ng'ombe wanne wazima, mwenyewe hukaa Kondoa karibu na msikiti. Maelezo hayo sikuagizwa na mtu. Nilitaka tu bwana mkubwa aone ninavyofanya kazi kwa makini.

Kisha vita vya Mjerumani na Mwingereza vikaja. Bwana mkubwa akaitoa orodha ile, akaniamuru niinakili upya kwa ajili ya askari waliotumwa kutwaa magari, maana ya kwanza ilikuwa na madoa ya mafuta. Wakubwa wa boma walitualika mchezoni, na mchezo huo wakaufanya mtego. Wakasema vita ni vita. Sawa, lakini hata kumwomba mtu gari lake walishindwa? Hata kumwambia asante? Mpaka leo sijaona haki katika jambo lile, na wanaoliita sherehe wananiudhi.

Asubuhi ileile niliyoamriwa kunakili, Mrangi alikuwa ameleta mzigo stesheni. Alisikia minong'ono, akaja dirishani kwangu.

"Mwanangu, niruke. Mstari mmoja tu."

"Nitaona, mzee."

"Usione. Niruke."

Nilikuwa peke yangu na karatasi ile mpaka adhuhuri. Hakuna ambaye angegundua. Lakini niliogopa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya boma, na niliogopa pia kuitwa karani mzembe. Nilipoufikia mstari wake nikaunakili wote, na ekseli mpya nikaiweka.

Askari hawakuhitaji kwenda Kondoa. Gari lilikuwa limesimama nje ya boma, ng'ombe wamefungwa nira. Wakampa askari mwingine aliendeshe, na mwenye gari wakamwingiza kwenye mstari wa wapagazi. Alinitazama dirishani, nikainamisha kichwa kana kwamba nasoma. Niliona kwamba sanduku alilotwishwa lilikuwa dogo kuliko ya wenzake, nikajiambia, afadhali. Nikachovya kalamu, nikaendelea na jina lililofuata.