Shairi la Theluji Chini ya Turubai

Turubai likilala na umande kisha likapigwa na jua la asubuhi, hutoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine popote, harufu ya mafuta, ya vumbi, ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi. Nikiinusa leo sokoni, pale wanapouza mahema ya harusi na matanga, miguu yangu husimama yenyewe. Narudi kambini Eldoret, kwenye uwanja mpana uliokuwa wa maonyesho ya kilimo, mwaka ule ulioanza kwa moshi baada ya uchaguzi. Kila asubuhi nilikuwa nikisikia watoto wakikohoa hema hadi hema, sufuria za uji zikigongana, na wanawake wakiulizana kama kuna aliyepata habari za kwao. Nilikuwa naingia darasa la nane. Nilikuwa mrefu kuliko umri wangu, na sweta niliyokuwa nayo ilikuwa imeniishia juu ya viwiko.

Kabla ya hapo tuliishi Moiben, ambako Baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Watu wa kila kabila walimjia na magunia yao, na jioni alirudi nyumbani mweupe kutoka nyusi hadi viatu. Mashine ilichomwa pamoja na nyumba. Mama alichukua mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya akaenda kwao Murang'a, lakini Shosho, mama yake Baba, alikataa katakata kupanda lori. Mumewe alizikwa Moiben, akasema hawezi kumwacha huko peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Baba hakuweza kumwacha mama yake, nami niliachwa niwapikie. Hivyo tukabaki watatu katika hema moja. Mimi na Shosho tulikuwa na jina moja, Nyambura, kwa sababu nilipewa lake nilipozaliwa, naye aliniita wajina. Baba aliketi mlangoni mwa hema tangu kukicha, mikono juu ya magoti, akitazama watu wakipita. Hakuwa mgonjwa. Ni vile tu hakuwa na mahali pa kwenda.

Shule ilipoanzishwa kambini, ilikuwa hema moja kubwa la madarasa yote, lililosimamishwa kwa nguzo za mikaratusi, nasi tuliketi chini kwenye nyasi zilizokanyagwa hadi zikawa udongo. Siku za kwanza tulifundishwa na yeyote aliyejitolea. Halafu asubuhi moja nikasikia sauti niliyoijua ikituambia tunyooshe migongo. Alikuwa Mwalimu Jerono, aliyetufundisha Kiingereza Moiben, amevaa sweta yake ya kijani, chaki zikiwa mfukoni. Mwalimu Jerono alikuwa Mkalenjin, na watu walioingia kambini, wengi Wakikuyu kama sisi, walikuwa wamekimbia vijana wa Kikalenjin. Akina mama waliokuwa wakifua karibu na hema waliacha kufua. Yeye aliwaamkia wote, akaingia ndani, akaanza kutuita majina kama alivyozoea Moiben, na kila aliyeitwa alipoitika, alifunga macho kidogo kabla ya kuita mwingine. Kulikuwa na majina ambayo hayakuitikiwa. Aliyaita mara mbili, kisha akaendelea.

Hatukuwa na vitabu. Kwa hiyo alichukua kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, akaandika juu yake shairi la Kiingereza la zamani sana ambalo yeye mwenyewe alilikariri akiwa msichana. Lilimhusu mchungaji anayeshuka mlimani wakati wa majira ya baridi, theluji ikianguka. Anafika bondeni anakuta mto umeganda na miti imeinama kwa weupe, na pote ni kimya. Anaketi juu ya jiwe. Anatamani asiinuke tena, maana hajawahi kuona mahali pazuri hivyo, na amechoka. Lakini mama yake nyumbani hana kuni, na kuna ua wa jirani ambao aliahidi kuutengeneza kabla ya kondoo kupotea. Basi anainuka, anajikung'uta mabega, anashika njia. Shairi zima lilikuwa hilo. Tulilisoma mstari kwa mstari, tukilirudia kwa sauti hadi watu waliokuwa kwenye foleni ya maji wakajua maneno yake bila kujua maana.

Shida yetu ilikuwa theluji. Mmoja alisema ni barafu ya friji, mwingine akasema ni umande uliozidi. Mwalimu alifikiri kidogo, akanigeukia. "Nyambura, unakumbuka baba yako akitoka kwa mashine jioni? Nywele nyeupe, kope nyeupe, hata masikio?" Nikasema nakumbuka. "Basi theluji inaanguka hivyo. Polepole, juu ya kila kitu, haichagui." Darasa lilicheka, maana wengi wao walimjua Baba. Mimi nilicheka pia, na katikati ya kicheko nikaona machozi yananitoka, nami sikujua niyafiche wapi. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni, akitupa mgongo kwa muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji.

Kila nikirudi, Shosho alitaka asimuliwe yule mtu amefika wapi. Hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia vitunguu, kwa hiyo nilimsimulia kwa Kikikuyu huku nikimenya viazi. Alimkasirikia sana yule mchungaji. "Mtu mzima anatoka bila blanketi?" aliuliza. "Na mke wake alikuwa wapi akimwona anatoka hivyo?" Nilimwambia labda hakuwa na mke. "Ndiyo maana anaketi juu ya mawe," akasema, akaridhika. Lakini kesho yake aliuliza tena, na siku moja nilimsikia akimweleza jirani wa hema la pili habari za mtu huyo kana kwamba ni wa ukoo wetu, akisema ana tabia mbaya ya kutazama miti lakini mama yake hamsahau. Baba alisikia yote kutoka mlangoni. Nilipotaja theluji na unga, aliinua mikono yake akaitazama pande zote mbili.

Kisha habari zikaanza kuingia kambini, kama zilivyoingia kila siku, bila mtu kujua zimetoka wapi. Ilisemekana kwamba Mwalimu Jerono anatumwa na vijana wa kwao kuhesabu watu wa kambini. Ilisemekana pia kwamba huko kwao ameambiwa akiendelea kuja atajuta. Watu waliamini habari zote mbili kwa pamoja. Jioni moja, kabla jua halijazama, Baba aliniita. "Kuanzia kesho huendi kwa huyo mwalimu."

"Baba, tuna mtihani mwaka huu."

"Nimesema."

Shosho alimwambia mtoto hajachoma nyumba ya mtu. Baba akajibu kwa sauti ya chini kwamba waliomchomea mashine aliwasagia mahindi tangu wakiwa hawajui kuvuka barabara, na hataki tena mtu wa huko amshike kichwa mtoto wake. Siku zilizofuata nilibaki hemani nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, huku wenzangu wakilikariri shairi kwa pamoja, na mimi nikisogeza midomo. Nilimpenda Baba na sikujua namna ya kumkasirikia. Shosho aliketi kando yangu, akaniambia niendelee kumsimulia. Nilipomwambia sijui Mwalimu ameeleza nini zaidi kwa sababu siendi tena, alimgeukia mwanawe akamtazama tu, na Baba akainuka akaenda kusimama nyuma ya hema.

Mvua ya mawe ilitukuta mchana, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Anga liligeuka rangi ya chuma, upepo ukaja ukivuta kamba, na mawe yakashuka juu ya mahema kwa kishindo hata usingeweza kumsikia mtu aliye kando yako. Kutoka mlangoni mwetu niliona hema la shule likiyumba, kisha upande mmoja ukaanguka watoto wakiwa ndani. Baba alikuwa ameshaondoka kabla sijafungua kinywa. Alikimbia kichwa wazi, mikono ikiwa juu ya shingo, nami nikamfuata nimejifunika karai. Tulipofika tulimkuta Mwalimu Jerono amekumbatia nguzo ya katikati, bega lake limeibeba, miguu ikiteleza matopeni, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Watoto wadogo alikuwa amewaingiza chini ya ule ubao mweusi. Baba aliishika nguzo upande wa pili. Walisimama hivyo, mtu na mtu, nguzo katikati yao, nyuso zikiwa karibu kuliko wangependa, na hakuna aliyeweza kuachilia. Mimi na wasichana wakubwa tulivuta wenzetu waliofunikwa na turubai. Mmoja aliumia mkono. Wengine walitoka salama, wakilia.

Ilipokatika, ilikatika ghafla. Tulitoka nje mmoja mmoja tukasimama. Kambi yote ilikuwa nyeupe. Paa za mahema, njia, kuni zilizorundikwa, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, vyote vilikuwa vyeupe, na watu wote walikuwa wamenyamaza. Sijawahi kusikia kambi ile ikinyamaza vile. Mwalimu alijipangusa paji la uso kwa mkono wa sweta, akasema, "Haya, tazameni." Msichana mmoja mdogo akaanza mstari wa kwanza wa shairi, wengine wakaingia, nami nikaingia nao, tukalisema hadi mwisho tukiwa tunatetemeka, meno yakigongana katikati ya maneno. Shosho alikuwa amefika akiwa amejifunga shuka la kitanda. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayemwona hatimaye ndugu aliyesimuliwa.

"Sasa huyo mtu," Baba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwongelesha Mwalimu. "Huyo wa kondoo. Alifika?"

"Shairi halisemi, Baba Nyambura."

"Halisemi aje?"

"Linaishia njiani."

Baba alifikiri. "Basi aliyelitunga hakuwa na mtu wa kumngoja nyumbani," akasema, na Mwalimu akacheka, nikaona ni mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu tuondoke Moiben. Halafu Baba akamuuliza atafikaje kwake na njia zimejaa maji. Mwalimu alisema ni kama kawaida, kwa miguu hadi barabara kubwa. Baba alichukua mfuko wa Mwalimu, nami nikaambiwa nije.

Tulitembea kuelekea langoni, barafu ikipasuka chini ya viatu. Karibu na barabara Baba aliuliza, bila kumtazama, "Waliochoma mashine yangu, unawajua?" "Mmoja namjua," Mwalimu akasema. "Nilimfundisha. Hata shairi hili nilimfundisha." Baba akasimama. "Alilijua lote," Mwalimu akaendelea. "Alikuwa wa kwanza kulikariri. Ndiyo maana nakuja, Baba Nyambura. Sijui kama kuna faida. Nyumbani wananiuliza nafuata nini huku, nawaambia darasa la nane lina mtihani. Sina jibu lingine." Nilidhani Baba atamrudishia mfuko wake aondoke. Alibaki ameushika kwa muda, akitazama barabara iliyoelekea kwetu. "Njoo kesho," akasema mwishowe. "Hiyo nguzo ilichimbiwa vibaya. Nitaichimba upya." Na asubuhi iliyofuata, nilipoamka, mlangoni mwa hema letu hapakuwa na mtu ameketi. Baba alikuwa shuleni na jembe la kuazima. Alichimba, akafunga kamba, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke, akabaki karibu na hema siku ile na nyingine nyingi, akikaza hiki na kile, shairi baada ya shairi.

Nilifanya mtihani, nikapita, si kwa kishindo lakini kwa kutosha. Mama alirudi. Baadaye nasi tukarudi Moiben, Shosho mbele ya wote, na Baba akanunua mashine nyingine kuukuu akaitengeneza kwa mikono yake. Yule kijana aliyekuwa wa kwanza kulikariri shairi alikuja siku moja na gunia lake. Baba alimsagia. Hawakusema zaidi ya habari ya kusaga, na hadi leo hawasemi zaidi, ingawa kijana mwenyewe sasa ana mvi na watoto. Shosho alizikwa alikotaka, kando ya mumewe.

Mimi ni muuguzi sasa, naishi Langas, pale pale Eldoret, katika nyumba ya mawe isiyovuja. Binti yangu amepewa shairi la majira ya baridi shuleni, naye ameonyeshwa theluji kwenye simu, ikianguka kwa rangi na sauti. Anaijua theluji kuliko nilivyoijua mimi. Ana dawati, ana kitabu chake mwenyewe, na mwalimu wake hajawahi kuulizwa na mtu anafuata nini darasani. Namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini sijui kama tumepona kabisa. Kila uchaguzi ukikaribia, sauti za watu hushuka sokoni, na kuna majirani wanaosafirisha vitu vyao mapema wakidai ni likizo. Hapo ndipo simu ya Baba hulia, asubuhi, kabla hajawasha mashine. Ni Mwalimu Jerono, mstaafu sasa, miguu imemchoka, hawezi tena kuja mwenyewe. Hasalimu kwa kirefu. Huuliza tu, "Mko?"

Naye Baba, akiwa amesimama wima kama mtoto aliyeitwa jina, hujibu, "Tuko, Mwalimu."