Mshahara wa Bwana Geti

Kila siku ya mechi Bwana Geti alisimama mlangoni ameupa uwanja mgongo, kitabu cha tiketi mkononi, na hakupita mtu bila kulipa. Shemeji yake aliwahi kuja akidai amemletea dawa ya kikohozi. Alipokea dawa, akamfungia shemeji nje.

Kazi ile aliionea fahari kupita kiasi. Timu yetu ilikuwa katika mwaka wake wa pili tu kwenye ligi ya kulipwa, na kila mwisho wa mwezi alimtuma mkewe kwa katibu wa timu akamchukulie mshahara, maana mwenyewe aliona haya kunyoosha mkono. Mkewe alirudi nao kamili.

"Eti timu haina hela," alitutambia kwa kinyozi. "Mbona mimi nalipwa?"

Wachezaji wawili waliokuwa wakinyolewa kwa mkopo walimtazama tu.

Kisha ikaja barua: ada ya ligi ilipwe kufikia Jumatatu, la sivyo timu iondolewe. Ilibaki mechi moja tu ya nyumbani, Jumamosi. Mpaka mapumziko, Bwana Geti aliyevaa shati jeupe la heshima alikuwa ameuza tiketi hamsini na tisa. Kipindi cha pili kilipoanza tukafunga goli, ikapigwa kelele ya watu kama mia mbili.

"Hao wengine wako wapi?" alimuuliza katibu. Katibu akainua macho kuelekea goli la mbali.

Tulikuwa juu ya paa. Nyumba ya Bwana Geti iko nyuma ya goli la mbali, paa lake la zege, na mkewe alitupandisha kwa ngazi kwa nusu ya bei ya tiketi. Mimi nilikuwa karibu na tangi la maji, mahali pazuri sana, sitaki kudanganya. Mara tukaona shati jeupe linazunguka uwanja mbio.

"Mama watoto!" alifoka chini ya ngazi. "Mimi nazuia watu kule, wewe unawapandisha huku? Unaiua timu!"

Mkewe alikuwa amekaa na kopo la hela mapajani. "Timu iliyokulipa lini?"

"Si mwezi jana! Si wewe mwenyewe uliyeuleta mshahara?"

"Katibu hajanipa hata senti tangu mwaka jana, baba. Mshahara wako unatoka kwenye ngazi hii."

Bwana Geti akakaa kwenye daraja la chini la ngazi. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakwenda kazini na raha zako. Nilipenda kukuona unavyojichana nywele mbele ya kioo."

Akampa kopo. Bwana Geti alipangusa uso, akapanda ngazi.

"Anayebaki huku juu," alisema, "amalizie bei ya tiketi."

Hakuna aliyebisha, hata mimi. Ada ya ligi ilitimia kabla ya filimbi ya mwisho. Machozi yalimfanya akosee kuhesabu kila mara, kwa hiyo mkewe alimfuata nyuma akirudisha chenji.