Mwalimu Aliyepiga Mstari Chini ya Majina ya Filamu

Amekufa. Habari ilinikuta sokoni hapa Kasongo nikichagua samaki wa Lualaba, na aliyeileta ni dereva wa pikipiki aliyetoka Kabambare akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. "Papa, Prof wa Late amekufa," akaniambia. Late ni rula kwa lugha yetu ya huku, na mwalimu huyo hakuwahi kuonekana bila rula yake ya mbao, hata kanisani. Nikauliza, "Kweli?" Akasema, "Kweli kabisa, wanamuzika kesho." Nikarudi kwenye samaki wangu. Ninyi wasomaji wa safu hii mnanijua, siwezi kulia kwa kulazimishwa. Najua pia mtaniambia kwamba marehemu hasemwi ila kwa mema. Nami nimelelewa hivyo hivyo, katika nyumba ya watu wa msikiti, kwa hiyo nitaanza na mema yake. Wala hayatachukua nafasi kubwa.

Hakuchelewa darasani. Hakupokea kuku wa mzazi ili mtoto apite. Na alijua namna ya kuandika jina la filamu ndani ya insha kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye kutoka hapa mpaka Kindu. Kanuni yake ilikuwa sahihi, na nitawapa bure leo ili kesho msiseme nilimnyima haki yake. Ukiandika kwa mkono, jina la filamu hupigiwa mstari mmoja chini yake, ulionyooka. Ukiandika kwa mashine, mstari unauacha na herufi unazilaza, kama ninavyofanya hapa. Zile alama za kufunga na kufungua usemi ni za kipande tu, wimbo mmoja uliomo ndani ya filamu, au sehemu moja ya filamu ya mfululizo. Usiweke vyote viwili, kama mtu anayefunga mkanda juu ya mkanda mwingine. Na sababu ya yote haya ni msomaji. Ukiniandikia kwamba jana ulimwona Mufunga Daraja, bila alama yoyote, nitauliza ni mtu gani huyo na ni daraja lipi, maana huku kwetu kila mvua inaondoka na daraja lake. Lakini ukiniandikia kwamba jana uliona *Mufunga Daraja*, naelewa mara moja kwamba ulikaa kwenye benchi ukitazama video. Basi. Hayo ndiyo mema yake, na yamekwisha.

Sasa tuzungumze. *Mufunga Daraja* ilikuwa filamu iliyopendwa sana hapa Kasongo wakati ule nyumba ya video ya karibu na soko ilikuwa bado inafanya kazi. Wageni hawajui jinsi filamu zilivyokuwa zikipata majina. Diski zilifika kwa pikipiki, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, hazina ganda wala maandishi, na mwanzo wa filamu mara nyingi ulikuwa umekwaruzika hausomeki. Mwenye video akaitazama kwanza peke yake, kisha akaipa jina kwa lile alilolielewa na kuliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Jina hilo ndilo lililotembea mjini. Bibi yangu mwenyewe, aliyekuwa hatoki nyumbani ila kwa msiba, alijua kwamba kuna filamu iitwayo *Mufunga Daraja*, na alijua habari yake. Mlinzi mmoja amesimama kwenye daraja wakati wa mafuriko, ana ufunguo wa lango, anataka kila anayekimbia aonyeshe karatasi. Mwenye karatasi anapita, na asiye nayo anashuka kuvuka majini na mtoto wake mgongoni.

Siku moja Prof alipita pale mlangoni akakuta majina yameandikwa kwenye ubao bila mstari. Loo! Alisimama kama mtu aliyeona nyoka. Akachukua chaki ya mwenye video bila kuomba, akaweka rula yake kwenye ubao, akapiga mstari chini ya kila jina, na la kwanza lilikuwa *Mufunga Daraja*. Mwenye video akalalamika, "Prof, wateja watasema mbona hizi zimepigwa mustari, labda zimeharibika!" Akajibiwa kwa lugha yetu ya huku, ambamo njo ni ndiyo, "Sasa njo yamekuwa majina. Mbele yalikuwa chaki tu." Tulicheka siku ile, hata mimi nilicheka. Naomba tu mkumbuke vizuri kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliopiga mstari ule, na mimi nilikuwepo nikitazama.

Mwaka uliofuata parokia ikatangaza kwamba itamsomesha kijana mmoja wa hapa, mmoja tu, kwenda Kindu kujifunza kazi ya habari na kupiga picha za filamu. Waombaji walitakiwa kuandika insha ya Kiswahili juu ya filamu iliyowafundisha kitu, na msahihishaji akawa yeye peke yake. Jirani yangu alikuwa akikaa na mtoto wa kaka yake, msichana wa kutoka Lusangi, baba yake mkulima anayeingia mashimoni kutafuta dhahabu msimu wa njaa. Msichana huyo alikuwa na jambo moja tu kichwani, filamu. Akitoka kuteka maji alikuwa akitusimulia habari yote ya filamu, nani alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, mpaka maji yanapata joto ndani ya ndoo na shangazi yake anapiga kelele. Aliandika juu ya *Mufunga Daraja*. Nilisoma insha ile kwa macho yangu. Aliandika kwamba mlinzi yule hakuwa mwizi wala mlevi, alikuwa mtu wa kazi anayefuata amri vizuri, na kwamba hilo ndilo lililomtisha. Nimeandika safu hii miaka mingi na sijaandika sentensi ya kuifikia hiyo. Na kila mahali lilipotokea jina la filamu, chini yake palikuwa na mstari mmoja, safi, wa rula.

Akapewa sifuri. Hakupewa alama ndogo, alipewa sifuri. Pembeni Prof aliandika kwamba filamu ya jina hilo haiko duniani, kwa hiyo mwanafunzi ameandika juu ya kitu ambacho hakipo. Shangazi akaja kwangu analia, akaniomba niende kumsemea mtoto, na mimi nikaenda naye msichana mpaka nyumbani kwa Prof, mchana kweupe. Tulimkuta barazani anakula ndizi za kuchoma. Msichana akamsalimu kwa magoti, akamwambia, "Prof, naomba unionyeshe kosa. Mustari niliupiga namna ulitufundisha." Akajibu bila kuacha kula, "Mustari iko muzuri sana. Yenye iko juu ya mustari njo hakuna. Jina ya filme inatolewa na mwenye kuitengeneza, siyo na mutu wa video." Msichana akauliza, "Sasa jina yake ya kweli ni gani, Prof?" Akasema, "Ile siyo kazi yangu." Hapo mimi nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza kama yeye analijua. Hakulijua! Nikamkumbusha ubao wa sokoni na chaki na rula yake. Alifuta mikono, akanitazama kwa huruma, wallahi kwa huruma, akasema, "Papa, kule ilikuwa biashara ya watu. Huku ni masomo."

Nafasi ya Kindu akapewa kijana wa mkubwa mmoja wa ofisi. Sina ugomvi na kijana huyo. Nyumbani kwao kulikuwa na televisheni na diski zilizonunuliwa zikiwa bado na maganda yake, na jina la kila filamu limepigwa chapa juu ya ganda, kwa hiyo alinakili tu. Insha yake ilikuwa ya mtu aliyelala katikati ya filamu. Fikirini basi kanuni ile ya jina la mtengenezaji ilikuwa imefanya kazi gani. Ilikuwa imewatenga watoto wenye ganda la diski na watoto wasio nalo, na aliyeitumia akaenda kulala akiamini kwamba amepima akili zao. Na dawa ilikuwa sentensi moja tu! Asiyejua jina la asili anaandika "filamu inayojulikana Kasongo kwa jina la *Mufunga Daraja*", anapiga mstari wake, na hajamdanganya mtu. Mwalimu angeweza kumfundisha hilo kabla ndizi haijapoa. Hakutaka. Kuna watu ambao kujua kitu hakuwapi raha mpaka wampate asiyekijua, na nchi yetu imewajaza kwenye madirisha yote, hospitalini, kwenye ofisi za ardhi, kwenye vizuizi vya barabarani. Hawaibi. Hawapigi. Wanakuonyesha tu kwamba karatasi yako ina kasoro, kisha wanafunga dirisha na kwenda kula.

Msichana alirudi Lusangi. Aliuzia wachimbaji chakula, akalima, akaolewa, akaachika. Baadaye sana alipata kamera iliyotumika ya mtu, akahamia Kabambare, na sasa yeye ndiye anayepiga filamu za harusi na misiba kule, mama mwenye watoto wake. Nilipanda pikipiki nikaenda kwenye msiba huko huko Kabambare, kwao Prof, si kwa ajili ya marehemu, nilitaka kusikia watasema nini. Nilisikia. Mmoja baada ya mwingine walisimama kusifu ukali wake wenye faida. Mwalimu mmoja kijana akamnyooshea mama yule kidole pale alipokuwa amesimama na kamera yake, akasema, "Muangalie, hata huyu alimupatia sifuri, na leo iko anatupigia filme! Ile sifuri njo ilimujenga." Watu wakapiga makofi. Nilitaka kumrukia. Sifuri haijengi mtu, bwana mdogo! Kama angepita, angekuwa amefanya kazi hii tangu ujana wake, tena na shule kichwani. Hiyo miaka yote ya kupikia wachimbaji nani atamrudishia? Mama mwenyewe aliishika kamera yake na kuendelea kupiga.

Siku ya kuondoa matanga ndugu walitaka kuona filamu ya mazishi. Tulikusanyika katika chumba cha katekesi, mapazia yakafungwa, jenereta ikawashwa, televisheni ikawekwa mezani. Mjane alikaa mbele, mama mnyamavu ambaye sikuwa nimesikia sauti yake hata mara moja. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi meupe, makubwa, yenye kutulia: *Mufunga Daraja*. Halafu jeneza likaanza kupita.

Sisi tuliotoka Kasongo tulielewa kabla ya wenzetu, nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Kaka wa marehemu akasimama. "Simamisha! Mama, hii jina imetoka wapi?" Mama wa kamera akasimamisha, akamjibu kwa adabu kabisa, "Nimeitoa mimi, papa. Prof alinifundisha jina ya filme inatolewa na mwenye kuitengeneza. Hii nimeitengeneza mimi." Kaka akafoka kwamba hilo ni tusi, alifute mara moja. "Siwezi kuifuta," akasema. "Aliniandikia kwa mukono yake kwamba filme ya jina hii haiko duniani. Sasa iko." Chumba kikaanza kuchemka, wengine wanasema atolewe nje, yule mwalimu kijana ameinamisha kichwa. Ndipo mjane alipozungumza, wala hakugeuka nyuma. "Mumuache. Mimi mwenye kuishi naye nasema jina iko sawa. Washa, mama, tuangalie." Kaka akakaa. Tukaitazama mpaka mwisho, na nawaambieni kaburi halijawahi kupigwa picha vizuri namna ile.

Wakati wa kuagana nilimuuliza mama yule kwa nini kwenye kioo hakupiga mstari chini ya jina. Akanicheka waziwazi. "Papa, umesahau? Kwa filme yenyewe hatupigi mustari. Mustari ni ya wenye kuandika juu yake. Wewe ukienda kuandika mu gazeti, usisahau." Sikusahau. Tazameni juu, kila mahali nilipoitaja nimelaza herufi zake, ile ya video na hii ya mazishi. Nanyi wote mnaosahihisha kaye, yaani madaftari, za watoto, kuanzia hapa Kasongo mpaka Kabambare, wafundisheni kanuni hiyo, ni nzuri. Lakini mtoto akikuletea jina usilolijua, muulize kwanza alilipata wapi, na umwonyeshe namna ya kuliandika. Usipofanya hivyo, siku yako itakapofika, ataandika yeye jina la filamu yako, na mkeo atasema liko sawa.