Mwisho Hausimuliwi

Dada yangu ni mkutubi wa shule ya msingi, na kama unadhani kazi hiyo ni kukaa nyuma ya meza ukisema "shii," basi hujakutana naye. Yeye huongea kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wanafunzi wamembandika jina la Shangazi Kelele, na analipenda kuliko alilopewa na mama yetu. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na haya nayasema kwa sababu nilikuwamo mpaka shingoni.

Alipoanza kazi pale, maktaba ilikuwa safi kupita kiasi. Vitabu vimepangwa, vumbi hakuna, watoto hakuna. Tableti zilizoletwa na wafadhili zilikuwa zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, bado zimo ndani ya nailoni zake. Zilitolewa siku za wageni tu. Watoto waliambiwa wazishike vizuri, wakapigwa picha, wakazirudisha. Hata kuwashwa hazikuwashwa. "Zisije zikaharibika," alisema mwalimu mkuu. Ebo! Kwani zilinunuliwa zikae kama vikombe vya kabatini vinavyomsubiri mgeni asiyefika?

Dada alimganda. Akamwambia wazi, "Mgeni akiniuliza watoto wanazifanyia nini, sitadanganya." Mwalimu mkuu akampa tableti shingo upande, baada ya dada kutia sahihi kwamba atazitunza mpaka muhula uishe.

Hapo ndipo alipoanza mambo yake. Mtoto akimaliza kitabu, anaingia nyuma ya pazia nililolishona kwa mablanketi makuukuu ili lizuie makelele, anairekodi sauti yake kwenye tableti akikisimulia kile kitabu. Kisha dada anachapa alama ya mraba yenye vidoadoa na kuibandika nyuma ya jalada. Mwingine akiielekezea kamera ya tableti, anaisikia ile sauti. Sharti lilikuwa moja, na dada hakutaka mjadala juu yake: mwisho hausimuliwi. Msimulizi anakuacha pale pale pabaya. Ukitaka kujua ikawaje, fungua kitabu usome.

Wee! Chumba kilijaa. Wakati wa mapumziko ungesikia "Halafu? Halafu ikawaje?" kutoka kila pembe, na waliokwisha kusoma wamekaza midomo kwa maringo utadhani wamepewa siri ya serikali. Watoto waliokuwa wakikimbia vitabu walianza kuviwekea zamu, wakivigombania na kununiana.

Kulikuwa na binti mmoja wa muuza nyama, mwenye kigugumizi. Darasani hakusema kitu, na walimu walishazoea kumruka. Huyo aliingia nyuma ya pazia, akarekodi, akafuta, akarekodi tena, akatoka analia. "Shangazi, ka-kata pale ninapokwama."

"Sikati hata punje," dada akamjibu. "Hiyo ndiyo sauti yako, mwanangu. Asiyeweza kusubiri aende zake."

Kumbe pale anapokwama ndipo wenzake wanaposhika roho mkononi. Hakuna sauti iliyosikilizwa kuliko ile.

Mwalimu mkuu haikumpendeza hata kidogo. Akaja mlangoni, tai imemkaba. "Maktaba ni mahali pa kimya."

"Kimya tulikuwa nacho miaka yote, mwalimu mkuu," dada akasema. "Kilisoma vitabu vingapi?"

Mimi ningenyamaza, nakwambia kweli. Dada yangu hajui kunyamaza, na alilipia. Wiki haikuisha, likatoka tangazo kwamba chumba kile kitakuwa ukumbi wa wageni, wenye makochi na mapazia, na wazazi watapitisha jambo hilo kwenye mkutano wa Jumamosi. Mwalimu mkuu hakuwasubiri hao wazazi. Alitia kufuli kubwa jipya mlangoni, vitabu vyote vikabaki ndani. Akadai na tableti zake, zilizokuwa mikononi mwa dada.

"Muhula haujaisha," dada akasema. "Sahihi yangu inasema mpaka muhula uishe."

"Utamwaga unga wewe!"

"Nitauzoa."

Jioni hiyo alikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akalia kwa hasira. Nilijua anacholilia. Wazazi wakishapiga makofi Jumamosi, chumba kimekwenda, na yule binti anarudi kwenye ububu wake. Mwenyekiti wa wazazi ndiye muuza nyama, baba wa yule binti, na ni mtu wa mwalimu mkuu, wanacheka pamoja kama pacha. Nikamwambia, "Vitabu wamefungia. Sauti je?"

Akaniangalia. Akafuta machozi kwa kipande cha bitana yangu ya watu.

Tukachapa alama zote upya. Nikazishona kwenye vitambaa, juu yake nailoni, pembeni kamba za kufungia. Jumamosi asubuhi, kabla wazazi hawajafika, mimi na dada na kundi la watoto tulikuwa tumezifunga kwenye nguzo, kwenye bomba la maji, kwenye mlango wa choo, na moja kwenye kitasa cha ofisi ya mwalimu mkuu. Akaing'oa. Alipogeuka, tayari kuna nyingine. Thubutu!

Wazazi walipoingia, kila mtoto alimshika wake mkono. "Mama, sikiliza." "Baba, hebu njoo hapa." Muuza nyama alivutwa na binti yake mpaka kwenye nguzo iliyo mbele ya mlango wenye kufuli. Akainamisha lile bonge la mwili, sikio kwenye tableti.

Hadithi ilikuwa ya msichana aliyesukumwa akatumbukia kwenye kisima kikavu. Amelia siku nzima, mara kamba inashuka. Anataka kuishika, anaona mkono wa aliyeishikilia juu, una pete. Ni pete ya yule yule aliyemsukuma. "Akaitazama ka-kamba," ilisema ile sauti. "Aka... aka... aka... Nimeishia hapo."

Muuza nyama aliinuka taratibu. "Huyu ni mwanangu?" Nyumbani kwake, binti akianza neno, yeye humdakia na kulimalizia. Hakuwahi kumsikia akisema maneno yote hayo. Macho yakamlengalenga, akayapangusa bila kuficha. Kisha akashtuka. "Halafu? Aliishika?"

Binti akatikisa kichwa.

"Kitabu kiko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kufuli.

"Mwalimu mkuu, ufunguo."

"Mwenyekiti, tuanze mkutano kwanza. Ajenda ya kwanza..."

"Ajenda ya kwanza ni ile kamba!"

Nyuma yake wazazi wengine nao walikuwa wameachwa njiani, kila mtu na lake, "halafu, halafu" tupu. Mwalimu mkuu akajipapasa mifuko yote, uso umemwiva, akafungua. Habari ya makochi haikutajwa tena siku ile, wala aliyeitaja baadaye simjui. Dada alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwakaribisha kwa sauti iliyofika barabarani.

Muuza nyama alijibana kwenye mto wa kukalia wa watoto, kitabu mkononi, akageuza kurasa, akatazama saa, akamwita binti yake. "Mwanangu, baba ana nyama dukani. Niambie tu mwisho wake."

"So-so..."

"Sogea?" akamdakia.

Binti akamwekea kidole mdomoni. Chumba kizima kikasubiri.

"So-so-soma mwenyewe, baba."