Nilivyokwama forodhani na mashine ya kahawa, Ziwa Nyasa, enzi za ruksa

Wakuu, heshima kwenu wote, wa juu na wa chini.

Nimepita kwenye nyuzi kadhaa humu naona watu wanalia na clearing. Mara code imekosewa, mara mzigo umelala bandarini mwezi mzima. Poleni sana. Ila nimecheka kidogo, mnisamehe, maana mimi hayo yalinikuta wengi wenu hamjazaliwa.

Nasimulia yalivyokuwa. Mama yangu yupo hai na ana simu, nikitia chumvi nitasutwa na ukoo mzima.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu, Mbinga. Kwetu ni milima na kahawa, basi.

Ruksa ya biashara huria ndiyo ilikuwa imeanza. Kabla ya hapo ushirika ulikuwa unaleta kila kitu, dawa, mbolea mpaka mashine, wewe kazi yako kulima na kulalamika. Ghafla wakaingia wanunuzi binafsi na pick-up zao, na mambo ya vifaa tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Tulishangilia pick-up. Hilo la pili hatukulisikia vizuri.

Kwa wasiojua kahawa: tunda likiiva linakuwa jekundu, na ukilichuma inabidi ulitoe ganda haraka, siku hiyohiyo au kesho yake. Kuna mashine ya mkono ya kumenyea, unazungusha, punje zinatokea huku na maganda kule. Ukichelewa, tunda linachacha. Unabaki kulianika na ganda lake, na kahawa ya maganda bei yake ni ya kukutia aibu.

Mashine yetu ilikufa. Tukawa tunaazima kwa jirani, na jirani naye ana kahawa yake, kwa hiyo zamu yetu inafika matunda yameshaharibika. Msimu mzima tukauza maganda. Baba hakulalamika, ila hata mizaha aliacha, na baba alikuwa mtu wa mizaha.

Mwaka uliofuata akauza dume lake la ng'ombe, akaitisha kikao. Alikuwa amesikia ng'ambo, Malawi, zinauzwa mashine mpya. Kaka yangu Osmundi akajiweka sawa, yeye ndiye mkubwa. Baba akanitazama mimi.

"Utakwenda wewe. Umemaliza form four, utasoma hizo karatasi za mpakani."

Osmundi akasema, "Huyu? Huyu ukimtuma chumvi anarudi na habari."

Basi nikaondoka na maneno hayo mgongoni. Nilikuwa tayari kufa kuliko kurudi mikono mitupu.

Kuvuka ziwa nisiongelee sana. Sisi watu wa milimani na maji ni kama paka. Nilitapika kwenda, nikatapika kurudi, lakini mashine niliipata, mpya, ya kijani, ndani ya sanduku la mbao. Nikashuka nayo kwenye kijiji kimoja upande wa Kihagara, kilichokuwa na kituo kidogo cha forodha. Kijiji sikitaji, wahusika wana wajukuu humu JF ya watu.

Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Kifungu. Hilo ni jina tulilompa sisi. Afisa forodha, kijana wa pwani, suruali imenyooshwa mpaka inakata, na mezani ana kitabu kinene cha ushuru.

Wakuu, tatizo la Bwana Kifungu ni kwamba alikuwa mwaminifu. Hata soda hakupokea. Mla rushwa unajua pa kumshikia. Mtu mwaminifu mwenye kitabu, utamshika wapi?

Akanieleza vizuri kabisa: mashine za kilimo hazilipi ushuru. Vyombo vya nyumbani vinalipa. Nikafurahi. Akafungua sanduku, akaona mdomo wa kumiminia juu na mpini wa kuzungusha ubavuni.

"Hii ni ya kusagia nyama."

Nikamwambia hapana mkuu, ni ya kahawa.

"Ahaa. Ya kusagia kahawa. Basi ni chombo cha jikoni." Akaanza kuandika. Ushuru alioupiga ulitaka dume la pili, na dume la pili hatukuwa nalo.

Nikajitahidi kumweleza habari ya ganda. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza nyumbani tunakunywa kahawa ya namna gani. Kwa ujinga wangu nikasema ukweli: hatunywi. Sisi tunalima tu, kunywa tunakunywa chai.

Akaweka kalamu chini. "Mnalima msichokunywa?"

Tangu hapo akaniona tapeli. Akasema mashine ibaki stoo mpaka nithibitishe, kwa macho yake, kwamba ni ya shambani. Nilete hayo matunda mekundu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa la Mmatengo tu. Nilipanda mlima kwa mguu kutwa nzima, nikachuma kisirisiri kwenye shamba letu la mbali ili nyumbani wasijue nimekwama. Matunda nikayajaza kwenye dumu, nikakaza mfuniko. Kwetu kuna baridi, dumu lingekaa tu. Ziwani ni joto la kukaangia mayai, na mimi sikufikiria.

Nikafika Jumamosi mchana, ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Nilikuwa nimepanga kwa Mama Damari, mjane wa Kianglikana, mwanakwaya, mkali lakini mkarimu. Dumu nikaliweka chini ya kitanda.

Jumapili Mama Damari yupo kanisani, dumu likapasuka.

Aliporudi alikuta nyumba nzima inanuka chachu, ukuta una rangi nyekundu, na mimi nimeshika tambara. "Mmatengo! Nimekupa kitanda, wewe umenipikia pombe?" Nikala kiapo kwa watakatifu wote. Akajibu kwamba watakatifu wangu anawafahamu, nao ndio wanywaji wakubwa. Ibada ya jioni kanisa zima likawa linajua kuna Mroma anachachisha kwa Mama Damari.

Nikapanda tena. Safari hii nikatumia tenga, nikafunika na majani ya migomba, nikashuka mbio.

Majaribio yakafanyika barazani pa forodha, kijiji chote kikaja. Nikamimina, nikazungusha. Punje nyeupe huku, maganda kule. Watu wakapiga makofi! Mama Damari akaonja ganda, akasema kumbe tamu. Bwana Kifungu mwenyewe akakunja shati, akazungusha, akacheka. Mara ya kwanza kuona meno yake.

Akaketi kuandika. Akaandika mstari mmoja. Akasimama.

"Ndugu, hii mashine ilipoingia ilikuwa mpya."

Ndiyo mkuu.

"Sasa imetumika."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mashine iliyotumika ina fomu yake, na inatakiwa ikaguliwe na mtaalamu kutoka Songea. Kisha akatazama lile beseni la punje. Hizo zimetokea ndani ya eneo la forodha, akasema, kwa hiyo kuzitoa nje kunahitaji kibali cha mimea.

"Zimetoka Maguu!" nikapiga kelele. "Nimezibeba kichwani!"

"Yaliyotoka Maguu ni matunda," akasema kwa upole. "Haya si matunda."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima na cheti changu cha form four, nililia mbele ya watu. Wiki mbili zilikuwa zimepita, kule juu matunda yanaiva kila siku, baba anatazama barabara. Nilikuwa namwibia muda wake kwa sababu ya kuogopa kuchekwa na Osmundi.

Mama Damari ndiye aliyenikalisha chini, akanipa ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya ziwani, akasema, "Mwandikie baba yako. Mzazi hafichwi njaa." Nikaandika, nikampa muuza usipa aliyekuwa anapanda Maguu. Barua yenyewe fupi: Baba, mashine ipo na inafanya kazi, lakini imezuiwa kuja. Nimeshindwa.

Siku ya tatu saa nne asubuhi nikaona msururu wa watu unashuka njia ya mlimani. Nikajua msiba. Nikakimbia kuwapokea.

Mbele ni baba, amevaa koti lake la misa. Nyuma yake mama, tenga kichwani. Osmundi na gunia. Na majirani, kama ishirini hivi, kila mtu na debe lake au kapu lake, vyote vimejaa matunda mekundu. Baba alinishika bega tu, akapita mpaka barazani.

Bwana Kifungu akasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia ulitaka kuhakikisha kama hii mashine ni ya shambani."

"Tumeshaona, mzee. Kijana alileta tenga moja."

"Tenga moja hata jikoni lipo," baba akasema. "Tumekuletea shamba."

Kisha akauliza kwa adabu zote: mashine imezuiwa kutoka, sawa. Je, imezuiwa kuzunguka?

Jamaa akafungua kitabu. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Nasema tena, alikuwa mwaminifu. Akafunga kitabu akasema, "Hicho kifungu hakipo."

Basi tukazungusha! Siku nne mfululizo. Wengine wanapanda kuchuma, wengine wanashuka na mzigo, sisi tunamenya barazani, akina mama wanaosha ziwani. Mama Damari akatutolea chanja zake za kuanikia usipa tuanike kahawa, kwa sharti moja kwamba rozari tusalie kwa sauti ya chini.

Maganda yakarundikana mpaka dirishani. Nzi sasa. Wafanyabiashara wa mitumba kutoka ng'ambo wakawa hawana pa kupita, wanaruka lundo na mabelo yao wanatukana kwa lugha tatu. Bwana Kifungu anagonga muhuri huku anapunga nzi na kitabu.

Siku ya nne mchana akatuita. Kiatu kina ganda, shati lina madoa. Alikuwa hajalala, alikuwa anasoma. Akatusomea mstari mdogo kwamba chombo kikijaribiwa mbele ya afisa kwa ajili ya utambuzi, hakihesabiwi kimetumika. Mashine ya kilimo, ushuru hakuna. Akagonga muhuri.

Mimi na ujinga wangu nikauliza, "Na kahawa yenyewe je, mkuu? Kibali?"

Osmundi alinikanyaga mguu.

Bwana Kifungu akatazama chanja, magunia, beseni, watu ishirini wenye mikono inayonata. Akavuta pumzi ndefu.

"Kahawa gani?" akasema. "Mimi sijaona kahawa."

Naamini huo ndio uongo wake wa kwanza kazini, na uso ulimbadilika kabisa. Baba alimpa mkono wa kuagana kwa mikono miwili.

Osmundi ndiye aliyebeba mashine kupanda nayo, alikataa kupokewa. Mnunuzi wa Mbinga mjini alinusa kahawa yetu, akauliza mbona ina harufu ya usipa. Baba akamwambia ni aina mpya, ya ziwani. Alinunua kwa bei ya kahawa safi, na mizaha ya baba ikarudi nyumbani siku hiyo.

Siku ile tunapanda na mashine, tulipumzika katikati ya mlima. Nikamwomba baba msamaha, nikamwambia kazi aliyonituma imenishinda. Alijifuta jasho na koti lake la misa.

"Kazi haikukushinda," akasema. "Ilikuwa ya watu ishirini, nami nikamtuma mmoja. Ila wewe hukusema, ukaniacha nikae nangojea. Hilo ndilo lililoniuma."

Amefariki miaka mingi sasa. Kauli hiyo sijaisahau.

Funzo, wakuu. La kwanza: kabla hujalipia kitu nje, ulizia kwanza forodha wanakiitaje, maana ukifika nacho hakitaitwa jina unalolijua wewe. La pili ndilo kubwa: ukikwama, sema nyumbani mapema. Zile wiki mbili zilioza na matunda mengi, na sababu ilikuwa aibu yangu tu.

Uwanja ni wenu. Mzigo gani uliwahi kukukwamisha, na nyumbani ulimficha nani?