Kiyoyozi kwenye Injini ya Marehemu Beto

Fermín Arvizu aling'olewa sikio la kushoto na belti ya gari. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameinama juu ya injini ya mbio iliyofungwa kiyoyozi, mwenye gari amekanyaga mafuta hadi mwisho. Injini za namna ile huzunguka mara elfu saba kwa dakika, na belti ndefu inayovuta kompresa ya kiyoyozi huanza kujitupa huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Ile iliruka. Ilichukua sikio, mpira wa rejeta na kipande cha kioo cha mbele. Wenzake walipokuwa wakimfunga kichwa kwa shati, Fermín aliuliza kama kompresa imepona.

Kwa miaka thelathini baada ya hapo hakufanya kazi nyingine. Yuma, Arizona, mwezi wa Julai, usukani huunguza viganja, na wenye magari ya zamani ya mbio walimletea injini zao awatilie baridi bila kuziua. Wengine walimcheka kwamba anamfunga farasi friji mgongoni. Waliomcheka kwa karibu waliondoka na meno pungufu. Ngumi hizo alizirithi kwa baba yake, Beto, na hazikuchagua mtu.

Gari jeusi la mwaka 1969 Beto alilijenga pamoja na mdogo wake, Tacho: milango miwili, injini ya lita saba, ndani hakuna hata redio. Beto alipokufa alimwachia binti yake, Graciela, dada yake Fermín, kwa sababu hakuna mwanamume wa ukoo aliyelikimbiza kumshinda. Kisha ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamkamata dada huyo. Joto likimwingia, miguu inakufa na macho yanajaa ukungu; akipoa, anarudi hali yake. Daktari alimruhusu kuendesha penye baridi tu. Kuanzia Mei hadi Oktoba alikaa ndani kama mfungwa, gari la baba yake likiwa chini ya turubai. Mwisho alimwambia Fermín amfungie kiyoyozi, na asimpunguzie nguvu ya injini hata kidogo.

Kazi ilichukua miezi minne. Fermín alichonga puli, magurudumu ya kupitishia belti, zenye mifereji ya kina ili belti isipate pa kutokea. Puli ya kompresa aliifanya kubwa, izunguke polepole injini inapopiga kelele, na chini ya pedeli ya mafuta aliweka swichi ya kuiachilia kompresa mguu unapofika sakafuni.

Siku ya majaribio, saa nane mchana, Tacho aliingia gereji bila salamu. Alikuwa na miaka sabini na moja na mikono kama magogo. Aliitazama injini kama anayetazama maiti ya kaka yake iliyovishwa gauni.

"Nani kakuruhusu?"

"Gari la Graciela, Ba'mdogo. Muulize mwenyewe, yuko ndani ya gari anakula baridi."

"Beto angekuua."

"Alijaribu mara mbili. Lete jingine."

Tacho akakumbusha desturi yao. Kila kitu kipya kwenye gari lile sharti kivuke mizunguko elfu saba, boneti likiwa wazi, mjenzi amesimama mbele yake. Kikishindwa, kinang'olewa na hakirudi. Graciela, vioo vimefungwa, alinyanyua kidole gumba. Fermín alijua kwamba belti ikiruka, dada yake anarudi kifungoni.

Injini ikanguruma. Elfu nne, bati za ukuta zikatetemeka. Elfu sita, spana zikaanguka mezani. Fermín hakuondoa macho kwenye belti, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa maana mtu wa kutazamwa alikuwa baba yake mdogo. Mshale wa kipimo ulivuka elfu saba, belti imetulia kama imechorwa. Hapo Tacho akauokota mpini wa nyundo, akausokomeza kwenye belti.

Belti ilipasuka kwa mlio wa bunduki. Mpini ulirudi na kuuvunja mkono wa Tacho, mfupa ukachungulia nje ya ngozi. Kibanzi cha mpini kikampasua Fermín nyusi. Fermín hakungoja aone vizuri. Alimshika mzee kooni, akambamiza ukutani, akampiga mdomoni, akampiga tena. Tacho alimtemea damu na kumwita muuza barafu.

Graciela alizima injini, akatoka kuwaachanisha. Joto la nyuzi arobaini na sita lilimpokea. Alipiga hatua nne, miguu ikamkatika, paji la uso likagonga saruji.

Fermín alimwona akianguka. Alipiga ngumi mbili zaidi kabla ya kugeuka.

Walimmwagia ndoo ya maji. Tacho, ambaye hakuwahi kumtembelea binti huyo wa kaka yake wakati wa kiangazi, alisimama akiitazama ile miguu iliyolala kama si ya mtu.

"Huwa hivi kila mara?"

"Kila joto linapomshika."

"Fungeni belti," Graciela alisema kutoka chini. "Mtauana baadaye."

Belti haifungwi na mtu mmoja: mmoja huivuta kompresa, mwingine hukaza bolti. Tacho aliukamata mtaimbo kwa mkono mzima, akaulalia kwa kifua mpaka belti mpya ikakazika. Damu yake ilidondokea injini ikachemka na kunuka. Fermín akakaza bolti.

Walimbeba Graciela hadi kiti cha usukani, injini ikawaka, baridi ikaja. Alikaa karibu nusu saa, mpaka macho yakamfunguka na vidole vya miguu vikamtii. Ndipo alipomwamuru Tacho apande wakashone mkono hospitali. Fermín akashika kitasa awafuate, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Wewe baki," dada yake alisema kupitia upenyo wa kioo. "Umempiga mara mbili nikiwa chini. Nilisikia."

Gari liliruka nje ya gereji na kukamata barabara ya jangwani. Fermín alisimama juani, damu ikimkaukia jichoni, akisikiliza kwa sikio moja. Injini ilipanda hadi juu kabisa, na belti ikashika. Lilipokuwa likimpita, alikuwa amemwona Tacho, mkono uliovunjika ukiwa mapajani, akinyoosha ule mzima na kuigeuza hewa ya baridi imwelekee usoni.